Mgeni wa Chumba cha Arobaini na Moja

Mwenye kutoka safari ndefu husamehewa akitia chumvi kidogo. Bi. Mghoi Mwakesi hakuhitaji msamaha huo. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, na ukarani ulimfunza kuandika lililosemwa, si lililopendeza kusemwa. Haya yaliyomkuta katika nchi ya Labeka aliyasimulia vivyo hivyo, nami nayafikisha kama yalivyonifikia.

Alikuwa mama wa miaka sitini kasoro, Mtaita wa Wundanyi, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo. Alipoacha mahakama alichukuliwa na Jumuiya ya Mataifa Yaliyoahidiana, katika ofisi yake ya msaada wa kitaalamu. Kazi ya ofisi hiyo si ngumu kuieleza. Serikali nyingi huahidi kuwatendea watu wao kwa haki, huahidi kwa moyo mweupe kabisa, kisha zikifika nyumbani hukuna kichwa zisijue zianzie wapi. Hapo ofisi humtuma mtu akazionyeshe.

Lakini kwa miaka kumi na miwili Bi. Mghoi hakutumwa popote. Aliketi makao makuu akiandika miongozo: namna ya kuhesabu wafungwa, namna ya kupanga ripoti, namna ya kutunza nyaraka. Ilipofika zamu ya Labeka kutathminiwa, na mtaalamu aliyepangiwa akaugua nyongo, ndipo akaambiwa afungashe. Alifurahi mno, maana hakuwahi kuona hata mwongozo wake mmoja ukifanya kazi.

Walabeka ni watu wema. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu awahukumu vibaya. Nchi yao ina jina hilo kwa kuwa ndivyo serikali yao inavyoitika kila inapoitwa. Sheria yao kuu, Sheria ya Mapokezi, inaikataza serikali kumkatalia mgeni jambo lolote. Ndiyo maana walikuwa wametia sahihi kila mkataba wa haki uliowahi kuandikwa, pamoja na miwili iliyokuwa bado inaandikwa, na ule wa kuwalinda nyangumi, ingawa nchi yao imezungukwa na milima pande zote na maji yao makubwa kuliko yote ni bwawa la bata.

Waziri wa Viwango, Bi. Adhama, alimpokea mgeni wake kwa mikono miwili, akamlisha, akamuuliza mara tatu kama amelala salama, kisha akampeleka kuiona fahari ya taifa. Ilikuwa Nyumba ya Mapendekezo, jengo kubwa kuliko hospitali na mahakama zikiunganishwa. Lilikuwa na vyumba mia mbili na kumi na viwili, kila chumba kina kitanda chenye chandarua na shuka nyeupe, na juu ya kila kitanda lilikuwa limelazwa pendekezo moja lililoachwa na wataalamu waliopita. Juu ya mlango mkubwa palichongwa maneno: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Msimamizi wa nyumba hiyo, Mzee Takrima, alivaa koti jeusi lililopigwa pasi mpaka likang'aa, naye alitembea kwa kunyata.

"Huyu alikuja na ujumbe wa kwanza kabisa," alinong'ona, akifunua chandarua. "Hapendi jua. Na huyu wa pembeni ameanza kuwa wa njano, tunamhudumia."

Bi. Mghoi alisikia vizuri. Katika lugha ya Walabeka pendekezo lilikuwa na heshima ya mtu: pendekezo amelala, mapendekezo wamepumzika. Alielezwa kwamba karani mmoja aliyewahi kukunja ncha ya ukurasa alitakiwa kumwomba radhi pendekezo huyo mbele ya wafanyakazi wote, akamwomba, na inasemekana alilia. Alielezwa pia kwamba bunge lilitumia vikao viwili vizima kujadili kama madirisha yaelekee mashariki au kaskazini. Akauliza kwa adabu ni mapendekezo mangapi kati ya hayo yaliyokwisha kutekelezwa.

Mzee Takrima alikunja uso. Alijibu kwamba katika nyumba hiyo hakuna aliyetelekezwa hata mmoja.

"Nimesema kutekelezwa, mzee."

Mzee alisikiliza tena, akatikisa kichwa. Alisema maneno hayo mawili yamekaribiana mno kwa masikio yake, na kwa usalama wa wageni wake angependa lisitamkwe lolote kati yake humo ndani.

Chumba cha arobaini na moja ndicho kilichokuwa na dirisha zuri kuliko vyote. Aliyelala humo aliletwa na ujumbe uliopita, miaka minane nyuma, na alisema hivi: mtu yeyote asikae mahabusu zaidi ya siku tisini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kando ya mto wake palikuwa na faili la kahawia lililofungwa utepe. Takrima alieleza kuwa hicho ni kiambatisho chake, hawatenganishwi. Lilikuwa faili halisi la mahakama, la mwanamke aitwaye Kidawa Mrisho, aliyekuwa mahabusu miezi kumi na minne wakati ule. Wataalamu walimtumia kama mfano.

Bi. Mghoi alipiga hesabu kichwani, akauliza huyo Kidawa yuko wapi sasa.

"Kiambatisho kipo hapa," alisema Takrima, akilinyoosha faili vizuri.

"Mwenyewe, mzee."

Mzee alielekeza kidole dirishani. Ng'ambo ya barabara, hatua kama mia mbili, palikuwa na gereza. Hakuwahi kufika huko. Kazi za nyumba zilikuwa nyingi.

Bi. Mghoi alivuka barabara siku hiyo hiyo. Alimkuta Kidawa uani, mwanamke wa miaka arobaini, mikono yake ina mafuta meusi hadi viwikoni. Kidawa alimwangalia mgeni toka juu hadi chini, akamshauri akae upande wa kivuli kwa sababu wataalamu wa mwisho waliumwa kichwa, kisha akauliza kama maswali yake ni yale mafupi au yale marefu. Alikuwa amehojiwa mara nyingi hata akajua swali linalofuata kabla halijaulizwa.

Kisa chake kilikuwa chepesi. Alikuwa fundi baiskeli. Baiskeli ya serikali aliyopewa tarishi, Mzee Ngwali, ililetwa kwake ikiwa na gurudumu lililopinda; baadaye ikaandikwa kuwa imepotea mikononi mwake. Yeye alisema tarishi aliichukua mwenyewe siku ya Jumanne. Tarishi naye alisema hivyo hivyo. Haikuwa imepotea kamwe. Wakati Kidawa akieleza, lango lilifunguliwa, akaingia mzee mwembamba akikokota baiskeli yenye mfuko wa barua, na mnyororo umetoka.

"Ndiyo hiyo," alisema Kidawa, akanyanyuka kwenda kuurudisha.

Mzee Ngwali alileta barua gerezani kila siku, na kila siku alimwomba Kidawa radhi. Mara tano alikwenda mahakamani kutoa ushahidi. Mara tano alijibiwa, kwa masikitiko ya kweli, kwamba ushahidi huandikwa ndani ya faili, na faili limealikwa Nyumba ya Mapendekezo. Hakuna mwenye faili jingine, na kumwamsha mgeni ni kosa.

Bi. Mghoi alirudi kwa waziri na ombi moja: faili lirudishwe mahakamani. Bi. Adhama alimsikiliza macho yakimlengalenga.

"Labeka," alisema. "Tumelipokea."

Alasiri ile Bi. Mghoi aliona maseremala wakiingia Nyumba ya Mapendekezo na mbao. Walikuwa wanatengeneza kitanda cha chumba cha mia mbili na kumi na tatu. Ombi lake lilikuwa limeshapigwa chapa kwenye karatasi nzito, na Mzee Takrima alikuwa anachagua shuka.

Kesho yake aliomba walau alisome faili pale lilipolala, akaruhusiwa, mradi asilinyanyue kitandani. Alifungua jalada kwa ncha za vidole. Ndani palibandikwa kipande cha karatasi chenye maelekezo: nyaraka zinazoambatanishwa ziwe zile halisi, wala zisiondolewe zilipohifadhiwa mpaka tathmini itakapokamilika. Chini yake: Mwongozo wa Kutunza Nyaraka, aya ya kumi na saba.

Aliijua aya hiyo. Aliiandika yeye, asubuhi moja makao makuu, akiwakumbuka panya wa mahakama ya kwao waliokuwa wakila majalada. Aliona ni aya nzuri. Sasa Labeka tathmini haikuwahi kukamilika, kwa kuwa kila kikao kilifungwa kwa kukubaliana kikao kingine. Na Walabeka, katika kila walichopewa na wageni, hilo moja walilitekeleza barabara.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo lililokatazwa. Mzee Takrima alimwona kutoka mlangoni, akageuza uso akajifanya anakung'uta pazia.

Habari kama hiyo mtu anaweza kukaa nayo kimya akafa nayo. Bi. Mghoi alivuka barabara, akaketi upande wa kivuli, akamweleza Kidawa yote, mpaka asubuhi ile na wale panya. Kidawa alikuwa anapaka mafuta kwenye ekseli. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mwanangu."

"Mama, miaka yote hii nimemtafuta mtu wa kumlaumu, na kila anayekuja ananiletea biskuti. Sasa umekuja wewe na jina lako kamili, na mimi nimechoka kulaumu. Nitafutie hakimu."

Bi. Mghoi aliomba nafasi ya kusema mbele ya Baraza la Viwango, akapewa mara moja, kwa kuwa kumnyima kusingewezekana. Alijua akipendekeza chochote, maseremala wataitwa. Kwa hiyo hakupendekeza. Alisema kwamba ameona maneno yaliyochongwa juu ya mlango, na kwamba kwao pia yanasemwa, ila kwao kuna mengine yanayofuata nyuma.

"Mgeni siku mbili," alisema, "ya tatu mpe jembe."

Methali hiyo haikuwahi kufika Labeka. Wao walikuwa wamewakaribisha wageni wao wote, wakawalaza pazuri, wakangoja kupona.

Mjadala uliofuata ulidumu hadi saa kumi, nao ulikuwa wa heshima tupu. Mjumbe mmoja alitaka kujua jembe hilo lina uzito gani. Mwingine aliuliza kama karatasi ina bega. Wa tatu, mtu mzima mwenye sauti nzito, alisema methali yenyewe haina adabu. Mama mmoja wa safu ya nyuma akamjibu taratibu kwamba kwake yeye mgeni aliyepewa jembe haachi kuheshimiwa. Ameacha tu kuwa mgeni, amekuwa mtu wa nyumbani. Wengi walitikisa vichwa kuonyesha wamelipenda neno hilo. Bi. Mghoi akasimama tena kuungama kuhusu aya ya kumi na saba, kwamba kosa ni lake na ofisi yake, na wote wakampigia makofi marefu, kwa sababu hawakujua la kumfanyia mgeni anayejishtaki.

Hatimaye Bi. Adhama alitangaza kuundwa kwa Kamati Teule ya Jembe, itakayochunguza jambo hilo kwa misimu minne ya mvua. Alisema hivyo kwa furaha kubwa, akimwangalia mgeni wake kama mtu aliyempa zawadi aliyokuwa akiitamani.

Bi. Mghoi alitoka nje mabega yameanguka. Kwenye ngazi akamkuta Mzee Takrima anamngoja. Mzee hakusema habari ya kamati. Aliuliza kama kuvuka barabara kule kunahitaji kibali.

Walivuka pamoja. Kidawa alipoletwa uani, Takrima alisimama wima kama anayekagua chumba. Kwa miaka minane alikuwa akimsomea mgeni wake wa arobaini na moja kiambatisho chake kila Ijumaa, na yote aliyajua kwa moyo.

"Kovu la mkono wa kushoto, spoki ya gurudumu," alisema polepole. "Mzaliwa wa mtaa wa Chokaa. Mama wa binti mmoja, Tunu, mwenye umri wa miaka sita."

"Kumi na tano," alisema Kidawa.

"Faili linasema sita."

"Alikuwa na sita, mzee. Sasa ananipita kimo, na ameanza kunificha mambo."

Mzee Takrima alikuwa amelinda ukurasa ule dhidi ya jua, unyevu na mende, na haukubadilika hata herufi. Akamwangalia Kidawa, mvi zilizoanza kandokando ya uso, kucha zilizovunjika. Aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya kunong'ona, kama yeye mwenyewe alikuwa amekula mchana huo. Kidawa alisema bado. Takrima alisema basi, akainama kidogo, akaondoka. Bi. Mghoi alimwona akikosea mlango mara mbili kabla ya kulipata lango.

Asubuhi iliyofuata mzee alifungua chumba cha arobaini na moja, akamtoa mgeni wake chini ya chandarua pamoja na faili, akambeba kwa mikono miwili barabarani mchana kweupe mpaka mahakamani. Alikuwa amevunja Sheria ya Mapokezi, naye alijua. Watu walisimama kumtazama. Mwenye duka moja alivua kofia, akidhani ni msiba.

Hakimu alikuwa mama mfupi ambaye mafaili yake mengi yalikwisha kualikwa, hata akawa amepanda vitunguu katika trei ya majalada. Alivisogeza vitunguu, akasoma faili lote akiwa amesimama. Kisha akaagiza Kidawa aletwe kutoka gerezani, akamwita Mzee Ngwali, akamuuliza baiskeli iliyopotea iko wapi.

"Nje, mheshimiwa. Nimeiegemeza ukutani."

Hakimu alitoka, akalinganisha namba iliyo kwenye fremu na ile ya faili, akarudi akijifuta mafuta vidoleni. Akauliza ni nani aliyeitengeneza mara ya mwisho. Ngwali alimwonyesha Kidawa. Akauliza lini. Ngwali alisema jana asubuhi.

Yote yalichukua robo saa. Hakimu aliliweka pendekezo mezani, kwa kuwa alihitaji jambo la kuegemeza uamuzi wake, akalipiga muhuri kwa nguvu zote za mtu aliyekaa muda mrefu bila kupiga muhuri. Mzee Takrima alifumba macho. Alipoyafumbua, karatasi ilikuwa na doa la wino pembeni na mkunjo katikati. Aliitazama kwa muda, akasema inafanana na mtu aliyetoka shamba.

"Kidawa Mrisho, huna kesi," alisema hakimu. "Mahakama inakuomba radhi. Haitoshi, lakini ndiyo niliyo nayo."

Tunu alikuwa mlangoni. Mzee Ngwali alimleta kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Mama na binti hawakukumbatiana kama waliohudhuria walivyotarajia. Walisimama bega kwa bega, Kidawa akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, akakisogeza sawasawa mpaka kikagonga paji la uso la mwanawe. Wakacheka wote wawili. Halafu wakatoka, wakashika njia ya mtaa wa Chokaa, Tunu akiongea, mama yake akisikiliza.

Bi. Adhama alikuwa amefika kwa haraka, akihema. Wote walidhani atamkamata Takrima. Badala yake alikaa kwenye benchi, akaangalia ule muhuri, akasema kwa mshangao wa kweli kwamba hakujua kuwa inachukua robo saa. Alipojikusanya alimwomba Bi. Mghoi aache pendekezo la kumbukumbu ya siku hiyo. Bi. Mghoi alijibu kwamba hana. Watu walitazamana, maana mgeni kuondoka bila kuacha kitu hakukuwahi kutokea. Naye alijua fomu yake ya makao makuu ina mstari unaouliza idadi ya mapendekezo mapya, na kwamba wapo waliopoteza kazi kwa kuandika kidogo. Aliitoa papo hapo, akaandika sufuri. Na pale pa maelezo akaandika kwamba aya ya kumi na saba ya Mwongozo ifutwe, imemweka mtu mahabusu miaka minane, na mwandishi wake ni mimi, Mghoi Mwakesi. Akaikunja, akaitia bahasha, akampa Mzee Ngwali pamoja na barua nyingine.

Kisha akaketi kwenye ngazi za mahakama kando ya Mzee Takrima, ambaye hakuwa na wa kumlinda kwa siku ile na hakujua aweke wapi mikono.

"Hao wengine waliobaki," alimuuliza, "yupi ni mdogo kuliko wote?"

Takrima alifikiri kama baba aliyeulizwa amtume mtoto yupi. "Wa chumba cha sita," alisema mwishowe. "Ni mstari mmoja tu. Anasema wanawake walio mahabusu wapewe maji ya kunywa adhuhuri pia, si asubuhi peke yake."

"Amekaa muda gani?"

"Miaka kumi na tisa."

Bi. Mghoi aliangalia jua. Lilikuwa utosini. Kando ya ukuta wa mahakama palikuwa na bomba, na mfagizi alikuwa ameacha ndoo mbili chini yake. Hakusema neno, kwa kuogopa maseremala. Alinyanyuka, akaifungulia maji ndoo ya kwanza.

Mzee Takrima alilivua koti lake, akatafuta mahali safi pa kulitundika, asipate, akalivaa tena. Akainama, akachukua ndoo ya pili. Walivuka barabara wakimwaga njia nzima, na koti likalowa upande mmoja mpaka likapoteza mng'ao. Langoni mwa gereza askari aliwauliza ni amri ya nani. Takrima alivuta pumzi ya mtu anayetaka kueleza sheria yote toka kifungu cha kwanza. Halafu akaiachia.

"Maji ya adhuhuri," alisema.

Askari alizitazama ndoo, akasogea kando. Ndani, wanawake walikuwa wameshaanza kutafuta vikombe.